Mke Mwenza wa Magurudumu Manne

Jumatatu, 6 Juni 1955

Ameondoka! Fungate imeisha juzi tu, asmini bado zinanukia kitandani, na mume wangu Thabiti amepanda lori la Hassani kurudi kazini kwake Kitaya. Bwana shamba wa serikali haruhusiwi kupenda zaidi ya likizo yake. Nimesimama mlangoni mpaka vumbi la lori likatulia. Kisha nikasimama tena kidogo kuliangalia vumbi lenyewe, maana lilimgusa.

Nimebaki hapa Mikindani kwa mama yake. Nyumba yetu ya Kitaya haijaezekwa. Tena kile kipande cha mwisho cha barabara, karibu na mto Ruvuma, kina tope la masika ambalo lori hupita lakini gari dogo hulala humo. Mambo hayo mawili yakikaa sawa atakuja, atanipakia mimi na vyombo vyangu katika gari letu, tukaanze maisha.

Gari letu! Dogo, la kijani, macho mawili ya mviringo kama ya mtoto aliyeamshwa. Thabiti alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyefunga virago baada ya mradi wa karanga kufa. Linakaa uani, chini ya kibanda cha makuti.

Amenifundisha kulitunza. Kila asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, nitazame maji ya rediata. Nichomoe kijiti cha oili, nikifute, nikirudishe, nikichomoe tena ndipo nisome. Nitazame maji ya betri. Nibonyeze matairi. Nikanyage breki nisikie kama inashika au inazama. Nihakikishe gia haijaingia popote, breki ya mkono imevutwa, ndipo nizungushe hendeli mbele, kidole gumba kikiwa upande mmoja na wenzake, la sivyo hendeli ikirudi kwa hasira itanivunja mkono. Niliache lingurume kidogo, nizime. Kuliendesha, marufuku. Hilo atanifundisha mwenyewe Kitaya, tukiwa wawili tu.

Nilitokwa na machozi alipofika kwenye maji. Nikajikaza kwenye oili.

Kisha akanitia ufunguo mkononi mbele ya mama yake, bila haya! Akasema hakuna mwingine anayemwamini. Nilikaribia kuzimia.

Wifi yangu Fauzia, dada yake Thabiti, ameachika mara mbili na anacheka kama aliyeachika mara nne. Ameniuliza kama nimeelewa nilichopewa. Nikasema ufunguo. Akasema, "Wifi yangu, umeachiwa mke mwenza."


Jumatano, 8 Juni

Nimeamka mapema kwenda kulihudumia. Nimevaa kanga mpya na kujifukiza udi, maana ni kama kwenda kuonana naye. Maji, sawa. Oili, sawa. Hendeli imenirusha kidogo, lakini kidole gumba kilikuwa upande wake. Limewaka! Mimi, niliyesoma mpaka darasa la kumi, sijapata kufurahia mtihani wowote kama huu.

Baada ya kulizima nimekaa ndani, kiti cha abiria. Kofia yake ameisahau juu ya dashibodi. Nimekaa mpaka jua limepanda.

Mchana nimepakua wali sahani mbili kwa mazoea. Mama mkwe, Bi Mwanaamina, ameuliza hiyo ya pili ya nani. Nikasema ya paka. Akanitazama kwa huruma. Hatuna paka.

Jioni Hassani amerudi na lori. Amekaa barazani, amekunywa kahawa yake bila haraka, shetani huyu, ndipo akatoa salamu za Thabiti. Kwanza, je, gari halijambo? Oili inashuka? Pili, mama yake hajambo? Tatu, Fauzia. Nne, na wa nyumbani wote.

Wa nyumbani wote! Mimi ndiye "wote"!

Fauzia amenifuata jikoni. Amesema mwanamume mwenye haya zake hatumi mapenzi juu ya magunia ya mihogo, yakapita midomoni mwa dereva na matingo wake. Huuliza mbuzi hajambo, naye anamwaza mchungaji. Sijakubali. Mbuzi ameulizwa mpaka habari za oili. Mchungaji hakuulizwa hata kama amekula.

Lakini nikiwa ninakuna nazi wazo limenijia, tamu kuliko nazi yenyewe. Anauliza habari za gari kwanza? Vizuri. Gari likiumwa, atakuja.


Ijumaa, 10 Juni

Hassani ameondoka na ujumbe wangu: gari linakohoa.

Si uongo mkubwa. Kila kitu chenye kifua hukohoa. Tena nimemwambia kwa sauti ya chini, macho chini, kama mke mwenye majonzi. Hassani amesema, "Shemeji usijali, nitamfikishia kama lilivyo." Ameongeza mwenyewe kwamba atasema linakohoa sana. Sikumzuia.

Nimepiga hina. Nimebadili shuka. Nimesugua sufuria ambazo hata Mama hakumbuki kuwa anazo.

Gari lenyewe limewaka asubuhi bila hata kusita, linanguruma kama paka aliyeshiba. Nimelikazia macho. Halikuona haya.


Jumatatu, 13 Juni

Hakuja. Amekuja Hassani, na maagizo, na kipande cha msasa.

Maagizo: nifungue plagi zote nne, nizisugue midomo kwa msasa, nizirudishe, kikohozi kitapona. Msasa umefungwa katika gazeti na kamba ya mkonge. Hii ndiyo zawadi yangu ya kwanza kutoka Kitaya. Nimeunusa. Unanuka msasa.

Basi nimefungua plagi. Ningefanya nini, na Mama amesimama pale na tasbihi yake kushuhudia elimu yangu? Nimezisugua mpaka zikang'aa. Nimezirudisha. Ila zile nyaya nne za juu nilikuwa nimezichomoa zote kwa pamoja, na zinafanana kama binamu. Nimezipachika kwa kukisia.

Nimezungusha hendeli. Kimya. Nimezungusha tena. PAA! Moshi mweusi nyuma, kuku juu ya ukuta, jirani akapiga kelele kwamba vita vimerudi. Tasbihi ya Mama imekatika na shanga zimetawanyika ua mzima. Fauzia ameketi chini kabisa, mikono kichwani, anacheka hana sauti. Alipoipata akasema, "Mke mwenzio leo amesahau adabu."

Adhuhuri yote nimebadilisha nyaya, huku na huku, mpaka limewaka sawasawa. Halafu tumeokota shanga.

Sasa Mikindani nzima inajua gari la Thabiti linaumwa kweli. Kwa hiyo sikusema uongo. Nilitabiri.


Ijumaa, 17 Juni

Kikohozi ni ugonjwa wa kuagizwa dawa. Nimeona lazima kiwe kilema. Mtu haagizi dawa ya mguu uliovunjika. Huja mwenyewe.

Asubuhi nimechuchumaa, nimefungua kofia ya valvu ya tairi la nyuma, nimebonyeza kwa njiti. Pumzi imetoka polepole, fsss, na gari likainama upande mmoja kama bibi anayetaka kukaa. Nimelihurumia kidogo. Kisha nimekwenda kwa Mama kwa unyonge, nikasema tairi limelala chini na bwana wake yuko mbali, nani atalitazama jamani?

Sikujua Mama ana watu. Watu wametoka msikitini baada ya sala ya Ijumaa, yeye yuko mlangoni na buibui lake, anamwambia kila apitaye kwamba mwanawe hayupo na gari lake limelala. Wakaja wazee wa baraza wote! Pampu ni moja, wao wengi. Wakapeana zamu. Mmoja anapampu, wengine wanahesabu kwa pamoja kama wanavuta jahazi nchi kavu, na kila atakayechoka anachekwa. Mzee Athumani, muuza samaki, amepampu na kanzu imefungwa kiunoni, akisema huyu ni mtoto wetu sote, tairi lake ni tairi letu. Limejaa mpaka limekuwa gumu kama jiwe. Wakapampu na yale mazima, kwa usawa.

Halafu wakakaa. Ndiyo, wakakaa kungoja shukrani. Nimepika chai na vitumbua kwa baraza zima. Mikono imeungua, macho yamevimba kwa moshi, na hakuna hata mtu mmoja aliyesema Thabiti aitwe.

Watu wote wale uani, vicheko vyote vile, na mimi nilikuwa mpweke kuliko siku ya kwanza. Nimekwenda kukaa garini na kofia yake mapajani. Matairi magumu. Hata kuyumba halikuyumba nilipoingia.


Jumanne, 21 Juni

Mkono wa kushoto umefungwa kitambaa. Ninaandika kwa wa kulia, alhamdulillahi.

Ilianza vizuri. Chini ya rediata kuna kibomba kidogo. Nimekifungua. Maji yamemwagika mchangani, nikaita kila mtu aone: gari linavuja! Hili si la kikohozi wala la pampu. Hili la mwenyewe!

Mama ameutazama ule unyevu kwa muda mrefu. Amesema kikohozi, mripuko, kilema, na sasa linatokwa maji. Gari hili lina jicho la mtu. Akatuma aitwe Mwalimu Isihaka.

Mwalimu amekuja na chetezo kinafuka ubani, makaa mekundu kweli kweli. Amelizunguka gari akisoma. Hapo sikuwa na neno, dua haimdhuru mtu. Lakini akauliza ugonjwa uko wapi hasa, na Mama akamfungulia boneti. Akainamisha chetezo ndani. Ndani! Penye bomba la petroli! Penye kitambaa changu nilichozifutia plagi tena kwa petroli leo asubuhi, ambacho nilikisahau pale pale!

Nilijua ninalopaswa kufanya. Kupiga kelele, kumrukia. Lakini mkaza mwana humrukiaje mwalimu mbele ya mkwewe? Nikasema shikamoo Mwalimu. Akasema marahaba. Nikasema samahani Mama, kwa idhini yako, na kwa idhini ya Mwalimu, nina neno dogo. Mama akasema sema mwanangu. Nikasema nisionekane mkosefu wa heshima. Kaa likaanguka.

Kitambaa kikawaka hapo hapo. Adabu nikaiacha! Nimekivuta kwa mkono nikakitupa mchangani, nimekifunika kwa mchanga kwa miguu na viganja, na tone lililokuwa linawaka juu ya chuma nimelirushia mchanga pia. Fauzia akaja mbio na ndoo ya maji. Nikajitupa mbele yake mikono imetanda. Maji hueneza moto wa petroli! Akadhani nimepandwa na jini, akanimwagia mimi.

Gari halikuumia hata rangi. Pindo la kanzu ya Mwalimu limeungua kidogo, na vidole vyangu viwili. Nimeviloweka katika maji ya baridi mpaka vikapoa, sikuruhusu wapake samli. Mwalimu amesema sote tumeuona ule moshi ukitoka. Ndiye jini mwenyewe. Amekwenda.

Lakini nisikilizeni, kurasa zangu! Mama ametikisika. Amekwenda mwenyewe mpaka kwenye lori, akamwambia Hassani amfikishie mwanawe amri ya mama mzazi: aje. Kwangu lilishindikana. Kwake limekwenda na lori la leo.

Vidole vinauma. Nimefurahi mno.


Ijumaa, 24 Juni

AMEKUJA!

Ameruka kutoka kwenye lori kabla halijasimama. Nilidhani atakimbilia uani. Hapana! Ameuona mkono wangu. Amenishika mkono pale pale ukumbini, mbele ya mama yake, mbele ya Hassani, mbele ya matingo! Akakifungua kitambaa polepole, akapuliza vidole vyangu, kimoja kimoja. Gari hakuliuliza. Fauzia amenikonyeza mpaka jicho likakaribia kutoka.

Niliona hapo hapo kwamba sina haja tena ya kupanga chochote maishani.

Halafu wazee wa baraza wakaja kumwamkua. Wakamsimulia. Kikohozi cha wiki zile. Mripuko uliorusha kuku. Tairi lililolala lenyewe bila msumari. Maji. Moto. Kila mmoja akiongeza chake. Mzee Athumani amesema yeye mwenyewe amelisikia gari likilia alfajiri. Nikautazama uso wa mume wangu ukibadilika rangi, kisa baada ya kisa.


Jumapili, 26 Juni

Jana yote Thabiti ameshinda chini ya gari. Nimeona miguu yake. Miguu mizuri, sikatai. Nimeipelekea chai, nimeipelekea mkate wa kumimina. Nimeisomea hata shairi nililolitunga, na kutoka chini sauti ikasema nimpe spana namba nane.

Jioni ametoka, mweusi kwa oili. Amesema hakuona kitu. Rediata haina tundu. Tairi halina pancha. Plagi zinang'aa kama vikombe vya harusi. Nikashangilia. Kumbe hicho ndicho kilichomtisha! Ugonjwa unaoonekana unatibika, amesema. Wa gari hili umejificha.

Leo asubuhi ameniambia yaliyobaki. Nyumba ya Kitaya imeezekwa. Tope limekauka. Alikuwa ameomba ruhusa kabla hata ya salamu za mama yake, aje anichukue. Leo! Leo hii ndiyo ilikuwa siku yangu! Ameninunulia mpaka mkeka mpya, uko huko unaningoja.

Lakini hawezi, amesema, kumpakia mke wake katika gari linalokohoa, linaloripuka, linalolala na kuvuja lenyewe, halafu limzimikie porini mahali pasipo na nyumba. Alinisemesha kwa upole kiasi kwamba nililia zaidi. Atatafuta fundi wa kweli. Nivumilie mpaka baada ya Idi Kubwa.

Nikasema nitapanda lori. Mama akasema haiwezekani. Bibi harusi wa nyumba hii hafiki kwake juu ya magunia, kitanda kichwani kama mchuuzi. Watu wa Kitaya watasema tulimtupa.

Nikasema basi niseme ukweli. Nimekusudia kabisa. Nimemfuata chumbani, nimefunga mlango, nimefumbua mdomo. Ameniangalia kwa yale macho. Amesema katika mashaka yote haya jambo moja tu linamtuliza, kwamba gari na nyumba viko mikononi mwa mtu mkweli.

Nikamuuliza kama atakunywa chai au uji.

Ameondoka adhuhuri. Vumbi sikuliangalia.


Jumatatu, 27 Juni

Sahani mbili tena. Mama hakuuliza, amemwita paka.

Nimelia asubuhi, nimelihudumia gari nikilia, na katikati ya kijiti cha oili machozi yamekatika ghafla. Nimewaza kwa utulivu, kama nilivyofundishwa shuleni. Thabiti anadhani gari hili linaumwa. Mama anadhani. Mwalimu, baraza zima, Hassani, wote wanadhani. Mikindani yote kuna mtu mmoja tu anayejua kwa yakini kwamba halijawahi kuumwa hata siku moja. Mtu huyo ni mimi!

Sasa gari zima, barabara kavu na mke anayengoja vinahitaji nini tena? Dereva tu.

Kuendesha sijafundishwa, ni kweli. Lakini nimemtazama sana. Mguu wa kushoto unakanyaga klachi, wa kulia petroli, au kinyume chake, nitalijua nikikanyaga. Maji yamejaa. Oili sawa. Matairi ya baraza bado magumu kama jiwe. Vyombo vyangu nimekwisha kuvipakia kiti cha nyuma, godoro nitalifunga juu. Fauzia amenikuta ninatafuta kamba. Nikafikiri ataita Mama. Akaenda kuchukua buibui lake. Amesema hawezi kukosa.

Tunaondoka kesho Mama akiingia kusali. Mume wangu atafurahi mno! Gia ya kurudi nyuma sijui iko wapi, lakini haidhuru. Kitaya iko mbele.